Miezi 14 ya kuachana na diazepamu: kwa mnaomeza "kidonge cha usingizi" kila usiku, tafadhali msiache ghafla

#1 Mama Pendo

Wakuu, salaam.

Niliwaahidi watu watatu walionifuata faragha kwamba nitaandika. Leo Jumamosi, watoto wako kwa shangazi yao, nimekaa kibarazani naandika. Ni ndefu. Mwenye haraka asome aya hii tu: kama unameza diazepamu, lorazepamu, klonazepamu, alprazolamu au ndugu yao yeyote wa kundi la benzodiazepini kila siku, na umefanya hivyo zaidi ya wiki chache, usiache kwa siku moja. Usiache kwa sababu umesoma jambo la kutisha, wala kwa sababu mtu amekuaibisha. Ukikata ghafla unaweza kuangushwa na kifafa hata kama hujawahi kuwa na kifafa maishani, na kifafa cha namna hiyo kimeua watu. Meza dozi yako ya leo kama kawaida, kesho uende kwa daktari.

Sasa habari yangu.

Mume wangu alifariki mwaka 2018. Arobaini ikapita, wageni wakaondoka, nyumba ikabaki na mimi na watoto wawili, na usingizi ukakatika kabisa. Zahanati wakaniandikia diazepamu ya miligramu 5, kidonge kimoja usiku, wiki mbili. Usiku wa kwanza nililala mpaka adhana ya alfajiri ikapita sijaisikia, na msikiti uko nyuma ya nyumba. Nilishukuru sana. Bado nashukuru, maana wiki zile mbili ningeweza kuvunjika.

Wiki mbili zikaisha, vidonge vikaisha, usingizi nao ukaondoka. Nikaenda duka la dawa mwenyewe. Aliyeniuzia hakuuliza cheti, na mimi sikujua kwamba nilipaswa kuulizwa. Ikawa ni sehemu ya manunuzi: sukari, sabuni, vidonge. Kufika 2020 kimoja hakinitoshi, vimekuwa viwili. Mwishoni mwa 2022 nilikuwa kwenye vinne, yaani miligramu 20, na bado saa nane usiku macho makavu yanatazama bati.

Mwalimu mwenzangu akaniambia, "Umepata usugu." Neno hilo lilinipotosha muda mrefu, kwa hiyo nataka nilinyooshe. Usugu tunaousikia redioni ni wa vijidudu: bakteria amejifunza kuishinda dawa, kwa hiyo unabadilishiwa dawa kali zaidi. Hapa hakuna kijidudu. Aliyebadilika ni wewe, ubongo wako. Dawa haijashindwa, mwili umeizoea. Ukiielewa kama usugu utatafuta kali zaidi, na ndivyo nilivyokuwa nafanya.

Daktari aliyenisaidia alinieleza hivi, na kwa kuwa tuko Morogoro alitumia mlima Kitonga, ule mteremko mkali wa barabara ya kwenda Iringa. Ubongo una breki yake ya asili, kemikali inaitwa GABA. Diazepamu haikanyagi breki kwa niaba yako, inafanya breki uliyonayo ishike kwa nguvu kuliko kawaida. Ubongo ukiona kila siku breki inashika kupita kiasi, unailegeza yenyewe: vipokezi vya GABA (sehemu za ubongo zinazoipokea) vinapunguza usikivu, na upande wa pedali ya mafuta, wa kuamsha, unaongezwa. Ndiyo maana kidonge kimoja kinaacha kutosha. Sasa fikiria lori lenye breki zilizolegezwa hivyo, lipo katikati ya Kitonga linashuka, halafu unaondoa ule msaada wote kwa mara moja. Huko ndiko kuacha ghafla. Breki zinarudi kukaza, na ubongo unajua kuzikaza, ila unachukua wiki na miezi.

Na mazoea hayaji sawasawa. Faida ya usingizi ndiyo inayokimbia mapema, ndani ya wiki chache. Faida ya kutuliza hofu inakaa zaidi. Ila usahaulifu hauzoeleki: dawa inaendelea kukusahaulisha mwaka wa kwanza na wa nne. Nilifika mahali silali, na hapo hapo nasahau majina ya wanafunzi niliowafundisha mihula mitatu. Nilikuwa nalipia hasara tu.

Desemba 2022, likizo, nikaamua kukata. Siku ya kwanza salama. Ya pili salama. Ya tatu nikampigia dada yangu kumwambia nimeshinda. Sikujua kwamba diazepamu inakaa mwilini siku nyingi, nilikuwa bado natembelea akiba. Siku ya tano jioni mikono ikaanza kutetemeka hata kikombe kikawa kinagonga sahani. Jasho. Moyo unakimbia nikiwa nimekaa. Mvua ilipopiga bati nikaziba masikio na kulia, kwa sababu sauti ile iliniumiza kama kupigwa. Mwanga wa taa unachoma. Misuli ya mguu inacheza yenyewe. Na hofu. Hofu isiyo na kitu, ya kumtazama mwanao na kuhisi kuna jambo baya linakuja ila hujui ni lipi. Nikasema basi, huu ndio ugonjwa wangu halisi, dawa ilikuwa inauficha, nitaimeza mpaka kufa.

Hapo ndipo wengi wanapofungwa, na ndiyo sababu naandika. Ile hofu haikuwa ushahidi kwamba nahitaji dawa. Ilikuwa ushahidi kwamba nimeiondoa kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kujirekebisha. Ni mambo mawili tofauti kabisa, lakini ukiwa ndani yake yanafanana.

Siku ya sita dada alinipeleka hospitali. Nilimkuta daktari wa afya ya akili ambaye hakunigombeza. Aliuliza nameza kiasi gani, kwa muda gani, kama nakunywa pombe, kama nimewahi kuanguka. Akanirudisha kwenye 20, ila akaigawa asubuhi na usiku, akasema tutulie kwanza miezi miwili mitatu mpaka mwili ukae sawa. Kushuka tulianza Machi 2023.

Naweka ratiba yangu ili muone mwendo, si ili muinakili. Wewe dozi yako, umri wako, ini lako na maradhi yako ni mengine.

Kutoka 20 hadi 10 tulipunguza miligramu 2 kila wiki mbili. Nilipofika 14 nikashikwa na malaria, akasema kaa hapo hapo, nikakaa wiki tano. Hakunipandisha, alinisimamisha tu. Kutoka 10 hadi 5 ilikuwa miligramu 1 kila wiki tatu. Kutoka 5 kushuka, nusu miligramu kila wiki tatu. Mwishoni, kutoka 1 kwenda nusu, na nusu kwenda sifuri, alinipa wiki nne nne. Dozi inavyokuwa ndogo ndivyo hatua nayo inavyopaswa kuwa ndogo, kwa sababu kutoa 2 kwenye 20 ni kutoa sehemu ya kumi, lakini kutoa 2 kwenye 4 ni kutoa nusu nzima. Jambo hili dogo la hesabu ndilo linalowaangusha waliofika karibu na mlango: wanaona kimebaki kidonge kimoja, wanasema "kimoja si kitu", wanakitupa.

Nilitumia vidonge vya miligramu 2 na vya 5 kwa pamoja ili nipate namba za katikati. Vya 2 nilivikata kwa kikatio cha vidonge, nusu ni 1, robo ni nusu miligramu. Kwa wembe vinapasuka na kuwa unga, usijisumbue. Na kila dozi niliandika kwenye daftari la mazoezi: tarehe, kiasi, nimelala kwa saa ngapi. Nililipenda lile daftari kwa sababu siku mbaya zilikuwa zinanidanganya kwamba hakuna kilichobadilika, nami nafungua kurasa za nyuma naona kimebadilika.

Siku mbaya zilikuja kama mawimbi. Siku tatu nzuri, mbili mbaya, wiki nzuri, kisha Jumanne moja bila sababu moyo unakimbia tena. Kidonge cha mwisho nilikimeza Mei 2024. Mawimbi madogo yaliendelea miezi kadhaa baada ya hapo. Leo nalala saa sita usiku naamka kumi na moja na nusu, mvua ikinyesha naisikiliza.

Ulizeni.

#2 Kijukuu

Dada Mama Pendo, asante sana. Nimesoma mara mbili nikiwa ofisini na nimejificha msalani mara moja ili nisionekane nalia.

Mimi ni alprazolamu, miligramu 0.5 mara tatu kwa siku, mwaka wa pili huu. Nilipewa baada ya kuporwa na kupigwa. Swali: kila siku kama saa tano asubuhi, kabla ya dozi ya saa saba, mikono inaanza kutetemeka na nahisi kama wale watu wanarudi. Nikimeza, nusu saa imekwisha. Je, si inamaanisha ugonjwa wangu upo na dawa inafanya kazi?

#3 mfamasia_wa_zamu

Mkuu Kijukuu, pole kwa yaliyokupata. Mimi ni mfamasia, miaka kumi na moja kazini. Siwezi kukutibu humu ila naweza kukueleza hicho unachokihisi.

Tazama saa, usitazame hofu yenyewe. Kama inakuja kila siku kwa saa ile ile, na inaondoka nusu saa baada ya kidonge, uwezekano mkubwa ni kwamba unaingia kwenye arosto ndogo, yaani mwili unadai dawa, kati ya dozi na dozi. Alprazolamu iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa kama saa 11 kwa wastani. Diazepamu inachukua saa 20 mpaka 100, na ini linapoivunja linatoa kitu kingine ambacho nacho kinaendelea kufanya kazi ile ile, hicho kinaweza kuchukua mpaka saa 200. Ndiyo maana Mama Pendo alikaa siku nne bila kujua, na wewe hukai hata mchana mmoja. Kiasi chako cha dawa kinapanda na kushuka mara tatu kwa siku, na kila kikishuka ubongo unalalamika.

Kwa sababu hiyo madaktari wengi humhamisha mtu wa alprazolamu au lorazepamu kwenda kwenye diazepamu kwanza, dozi moja baada ya nyingine, ndipo waanze kushusha. Aliyeijengea njia hii jina ni profesa wa Uingereza, Heather Ashton, ambaye aliendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi huko Newcastle kuanzia 1982 hadi 1994. Alipokea watu waliokuwa wameambiwa wamerukwa na akili, akawasikiliza, akaona wanaeleza kitu kimoja. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa kitu kingine: aliwaamini wagonjwa wake.

Ila usijihamishe mwenyewe. Kwa jedwali lake yeye, alprazolamu 0.5 ni sawa na diazepamu 10. Majedwali mengine yanasema karibu nusu ya hapo. Ukikosea kwenda juu utalala usukani, ukikosea kwenda chini utatetemeka. Anayepaswa kukadiria ni mtu anayekuona kwa macho. Na kama una ugonjwa wa ini, diazepamu huenda isiwe chaguo lako kabisa.

Kuna jambo moja nataka kila mtu alisikie kwa sababu kwetu ni la kawaida na halisemwi: rifampisini, ile dawa ya kifua kikuu inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Inalichochea ini kuvunja dawa nyingi kwa kasi, diazepamu na alprazolamu zikiwemo. Mtu yuko kwenye dozi ile ile, hajapunguza chochote, anaanza dawa za TB, na baada ya siku kadhaa anatetemeka na halali. Nimemwona mgonjwa wa hivyo dirishani kwangu, familia inasema amelogwa. Kinyume chake omeprazoli ya vidonda vya tumbo inachelewesha diazepamu kutoka, na baadhi ya dawa za kufubaza VVU nazo zinapandisha alprazolamu. Mwambieni daktari kila mnachomeza, chote.

#4 Ngosha_Mtulivu

Kwa heshima zote, mnawatisha watu. Mimi nilikuwa natumia Valium, hiyo hiyo diazepamu, nikaacha siku moja baada ya maombi ya mkesha. Sikutetemeka, sikuona jasho, mwaka wa tatu huu. Mungu anaweza. Mkimwambia mtu itamchukua miezi 14 atakata tamaa kabla hajaanza.

#5 Mama Pendo

Kaka Ngosha, nimefurahi kutoka moyoni kwamba umetoka salama, na mimi pia niliomba kila usiku wa ile miezi 14. Naomba nikuulize, ulitumia muda gani na kwa dozi gani?

#6 Ngosha_Mtulivu

Kama mwezi na nusu. Kidonge cha 5, si kila siku, siku zikizidi mawazo.

#7 Mama Pendo

Asante kwa kusema wazi. Ndiyo maana mwili wako haukuwa umelegeza breki sana. Anayemeza kidonge kimoja mara chache kwa wiki sita, na anayemeza vinne kila siku kwa miaka minne, wanatamka jina moja la dawa tu. Na hata kati ya waliotumia miaka, wapo wanaoacha bila tabu kubwa. Tatizo ni kwamba huwezi kujua mapema wewe ni yupi. Maombi yakae, na ratiba ikae.

#8 binti_kilwa

Nilitaka nipite kimya lakini huu ubishi wa kuacha kwa siku moja unanigusa.

Kaka yangu alikuwa fundi ujenzi. Alitumia klonazepamu kwa zaidi ya miaka miwili, kwanza kwa cheti, baadaye kwa kununua. Nyumbani tuliona aibu. Tulisema ni "mtumia dawa". Siku moja baba mdogo akakusanya vidonge vyote mbele yetu akavitupa chooni, tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi.

Siku ya tatu alianza kusema anaona wadudu ukutani. Siku ya nne asubuhi alikuwa jikoni anachemsha maji ya chai, akaanguka. Mwili ukakaza kisha ukaanza kupiga. Aliangukia jiko la mkaa. Mama alikuwa kisimani. Mimi ndiye niliyemtoa.

Yuko hai. Mkono wa kulia haukunjuki vizuri, hawezi tena kushika mwiko wa saruji siku nzima. Hospitali walipoambiwa ameachishwa vipi, nesi alitutazama tu. Walimrudishia dawa ile ile na kuanza kumshusha kidogo kidogo, na sasa ameacha kabisa, ilichukua karibu mwaka.

Hakuna aliyetuambia. Kama kuna mtu anasoma hapa na nyumbani kwake wanapanga "kumsaidia" mtu kwa kumnyang'anya, nakuomba sana, usifanye.

#9 Ngosha_Mtulivu

Dada, pole. Pole sana. Sikujua kabisa kwamba inaweza kufika huko. Maneno yangu ya juu nayaondoa.

#10 Mvita001

Assalaam aleikum jamaa. Niko Mombasa, Mwembe Tayari si mbali. Huku sisi twaijua hii kwa jina jingine, bugizi, ile Rohypnol. Ni jamaa yao hao hao, kali zaidi tu. Vijana wa maskani wameitumia miaka na miaka, na walevi wametiliwa kwenye vinywaji wakaamka hawana simu wala kiatu.

Mimi nimeacha unga, niko kwenye methadoni, ile dawa wanayopewa walioacha heroini. Nataka kusema kitu kimoja kwa wale walio njia yangu. Wengi wetu twachanganya: methadoni asubuhi, bugizi au diazepamu jioni, ndipo tulale vizuri. Nimezika rafiki wawili hivyo. Hawakuzidisha hiki wala kile. Kila kimoja peke yake kilikuwa kiasi walichozoea, viwili pamoja pumzi zikasita wakiwa usingizini. Pombe nayo ni vivyo hivyo.

Na jamaa mwingine alikuwa ametoka jela baada ya miezi minane. Akarudi na dozi yake ya zamani kama aliyetoka jana. Mwili ulikuwa umeshasahau. Yale mazoea mnayoyazungumzia hapa yaondoka, na yakishaondoka kidonge ulichokuwa wakimeza kama njugu chaweza kukuondoa. Haya sijayaona popote kwa Kiswahili, wallahi nimefurahi kuukuta uzi huu.

#11 mfamasia_wa_zamu

Mvita001, Mungu akupe nguvu. Ulichosema ni sahihi neno kwa neno. Marekani tangu 2016 mamlaka yao ya dawa imelazimisha onyo la ngazi ya juu kabisa kuhusu kuchanganya dawa hizi na jamii ya afyuni, methadoni ikiwemo, na mwaka 2020 wakaongeza onyo jingine kuhusu utegemezi na hatari ya kuacha ghafla. Fikirini: Librium, ya kwanza ya kundi hili, ilianza kuuzwa 1960 na Valium 1963, zote kutoka maabara ya Roche, mkemia akiwa Leo Sternbach. Zilipokewa kwa shangwe kwa sababu zilikuwa salama kuliko barbitureti, dawa za usingizi zilizokuwepo kabla yake, na hilo ni kweli. Lakini Uingereza walianza kuwaambia madaktari wasizidishe wiki mbili mpaka nne mwaka 1988. Robo karne ya watu kumeza katikati hapo.

Na kwa anayetaka namba: mwongozo wa Marekani wa 2025 unasema kuanza kwa kupunguza asilimia 5 mpaka 10 kila wiki mbili hadi nne, na kwa vyovyote usivuke asilimia 25 ndani ya wiki mbili. Mwendo wa Mama Pendo uko ndani ya mpaka huo wa asilimia 25 karibu safari yote, ukiacha zile hatua za mwisho kabisa, ambazo kwa vidonge ni ngumu kuzigawa zaidi. Chapisha ukurasa huu umwonyeshe daktari wako kama anataka kukuachisha kwa wiki moja. Mwambie kwa upole. Wengi wetu tulifundishwa jinsi ya kuanzisha dawa hizi, si jinsi ya kuzitoa.

#12 Nyamwaga

Naomba kuuliza kuhusu mama yangu, miaka 71. Ana diazepamu 5 usiku tangu alipofanyiwa upasuaji wa goti, miaka sita. Ameanguka mara mbili mwaka huu akienda msalani. Tunahisi pia anasahau. Tumuachishe au kwa umri huo tumwache nayo?

#13 mfamasia_wa_zamu

Mama wa miaka 71 haiondoi diazepamu mwilini kama wewe. Inajikusanya. Anapoamka saa tisa usiku bado ya jana na juzi ipo, miguu haimsikii, na nyonga ya mzee ikivunjika maisha yote ya nyumba yanabadilika. Kwa hiyo inafaa kabisa kuzungumza na daktari kuhusu kumshusha, na wazee wengi hufanikiwa, hata baada ya miaka mingi. Na usahaulifu nao hupungua kwa baadhi yao, si wote.

Ila kwanza, mwambieni yeye. Ni dawa yake, ni usingizi wake. Mzee akigundua mmempunguzia kwa siri, hatawaamini tena. Pili, taa ya njia ya msalani leo hii. Tatu, kama kuna historia ya kifafa, au anaitumia kwa kifafa, msiguse chochote mpaka daktari aseme.

#14 Mama Pendo

Watu wanne wameniuliza faragha: "Sawa, lakini ulilalaje?" Nijibu hapa.

Miezi ya kwanza nililala vibaya. Sitadanganya. Kilichonisaidia ni kitu kilichonishangaza: daktari alinipunguzia muda wa kukaa kitandani. Nilikuwa naingia saa tatu usiku "nijaribu", nalala saa nane. Akasema usiingie kabla ya saa sita, na hata ulale dakika ishirini, amka kumi na moja na nusu, kila siku, Jumapili pia. Ukikaa kitandani macho, toka, kaa kwenye kiti, rudi usingizi ukija. Hakuna kulala mchana. Wiki mbili za mwanzo nilifundisha nikiwa nimeshikilia meza. Nilikuwa naenda kwa miguu wala sikupanda bodaboda, niliogopa kuanguka. Wiki ya tatu usingizi ukaanza kuja wenyewe, mfupi lakini wa kwangu. Sikumbuki tarehe nyingine kwenye lile daftari kama usiku wa Juni 11, saa nne na nusu mfululizo, bila kuamka.

Chai ya rangi niliikata baada ya saa nane mchana, na vinywaji vya kuongeza nguvu nikaacha kabisa. Pombe sikuwa nakunywa, ila anayekunywa ajue pombe inagusa breki ile ile. Ukishusha dawa huku unapandisha bia hujashuka.

Kitu kingine ni kuwa na mtu mmoja anayejua. Kwangu alikuwa dada. Nilimwambia: nikikupigia usiku nikasema nakufa, niulize nimepunguza lini. Karibu kila mara ilikuwa siku ya tatu mpaka ya saba baada ya kupunguza. Kulijua hilo hakukuondoa hofu, ila niliweza kuivumilia mpaka asubuhi.

#15 Kijukuu

Wakuu, wiki tisa zimepita. Nimeona nirudi kwa sababu nyuzi kama hizi huwa zinaishia hewani.

Nilikwenda. Daktari wa kwanza alisema acha tu, ni ya kichwani. Nikatoka. Wa pili nilimpa kurasa nilizochapisha, akasoma zote mbele yangu, akauliza maswali. Amenihamisha kwenda kwenye diazepamu kwa wiki tano, alianza na dozi ya usiku, kisha ya mchana, mwisho ya asubuhi. Wiki ya pili nililewa usingizi, akapunguza kidogo kile alichokuwa amekadiria. Ile tetemeko ya saa tano asubuhi imekwisha. Imekwisha kabisa, dada Mama Pendo. Nilikaa kikao cha saa tano Ijumaa iliyopita mpaka mwisho.

Wale watu walionipiga bado nawaona ndotoni, hilo halijaondoka, na nimepewa mshauri nasaha wa kulishughulikia lenyewe. Ila sasa najua lipi ni lao na lipi lilikuwa la kidonge.

Kesho ndiyo napunguza mara ya kwanza. Naogopa.

#16 Mama Pendo

Kijukuu mdogo wangu, umenifurahisha sana. Nunua daftari. Andika kesho kiasi na saa. Halafu andika humu Alhamisi, hata neno moja, maana Alhamisi itakuwa siku ya nne, na mimi nitakuwepo.

#17 binti_kilwa

Na mimi nitakuwepo. Kaka anasema nimwandikie Kijukuu kwamba hatua ya kwanza ya kupunguza ndiyo aliyoiogopa kuliko zote.

#18 Kijukuu

Alhamisi. Nimelala kwa saa tano. Mikono imetulia, masikio yanalia kidogo. Nipo.